Mvua ya Walioshinda

Wingu lilifika asubuhi kama ilani ilivyoahidi. Lilipanda bonde la Ikongwe taratibu, likavuka kanisa, likavuka kiwanda cha kukaushia tangawizi, likasimama juu ya shamba la Mheshimiwa Nakijwa Kiangi na kuanza kunyesha. Ilikuwa mvua yenye adabu, matone membamba yasiyobomoa tuta wala kulaza jani. Ilifuata mpaka wa shamba hadi barabarani, na katikati ya barabara ikakatika. Gari la maziwa lililopita wakati ule lililowa ubavu mmoja tu, na dereva hakushangaa, maana pale Ikongwe hakuna aliyekuwa akishangaa tena.

Ng'ambo ya barabara, kwenye vumbi, alisimama Mzee Senzota ameegemea mpini wa jembe. Aliitazama mvua ile kama mtu anayetazama harusi ya jirani ambayo hakualikwa. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Nakijwa, aliyekuwa barazani na kikombe cha chai, angeshukuru kama mzee angemtukana. Akaingia ndani, akajifanya anatafuta sukari, na sukari ilikuwa mezani mbele yake. Siku hizi ndiyo ilikuwa tabia yake: mvua ikija, yeye huingia ndani.

Katika Jamhuri ya Safu ahadi ya mwanasiasa haikuwa maneno matupu. Zamani wananchi waliochoka kuahidiwa mabomba yasiyofika walipiga kelele mpaka sheria ikapitishwa kwamba ilani ni mkataba kati ya chama na aliyekipigia kura. Mpiga kura huweka kiganja chake juu ya kioo cha chama anachokitaka, na chama hicho kikilichukua jimbo, Mchungaji hutekeleza ilani yake neno kwa neno. Mchungaji ilikuwa mashine ya kuswaga mawingu kutoka ziwani. Haikuwa na ndugu wala rafiki, haikula rushwa, na ilijua kusoma kigingi kilichochomekwa kwenye kona ya kila shamba. Kigingi cha aliyetia kiganja kwa mshindi huwaka kwa rangi ya chama hicho; cha mwingine hakiwaki kabisa. Watunga sheria, wasomi watupu, walifikiria kila kitu isipokuwa kwamba katika kila uchaguzi lazima awepo aliyeshindwa. Walichomfanyia huyo ni kumwachia mlango wazi kila Jumamosi, ahame chama akitaka, na mlango huo wakauita uhuru.

Nakijwa alikulia upande wa vumbi. Enzi hizo Umoja wa Safu ndio uliotawala, na baba yake alikuwa mtu wa Chama cha Zamu, chama kilichopata theluthi ya kura kila uchaguzi na viti vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka mmoja mbaya mbegu yao ya tangawizi ilikuwa imeshakatwa, inangoja ardhi yenye unyevu, na mawingu yakawa yanapita juu ya vichwa vyao kwenda kwa wengine. Mzee Senzota, wakati huo mwenyekiti wa tawi la Umoja, alichukua sururu akachimba mfereji chini ya barabara mchana kweupe, akawavutia maji ya mvua iliyonyesha shambani kwake. Chama kikamvua uenyekiti kwa kosa la wizi wa ilani. Baba yake Nakijwa alipokwenda kumshukuru, mzee alimkatisha. Alimkumbusha desturi ya mababu zao waliogawana maji ya ndiva, lile bwawa la kijiji, kabla mawingu hayajapata mchungaji: mtu akikuachia zamu yake ya maji humwambii asante, unamrudishia zamu yako ikifika.

Zamu ikafika. Wakubwa wa Umoja waligombana, chama chao kikapasuka vipande, na Chama cha Zamu, kwa theluthi ile ile ya kura, kikazoa majimbo karibu yote. Nakijwa akawa mbunge wa Ikongwe na mwenyekiti wa Kamati ya Katiba, kwa sababu yeye ndiye aliyeuandika Mswada wa Mgao ambao Zamu waliuapia miaka yote ya ukame. Mswada wenyewe haukuwa na fumbo: kila chama kipate viti kwa kadiri ya kura zake, na mawingu yagawanywe kwa kadiri ya viti. Kila kura tone. Aliyatamka maneno hayo majukwaani mpaka sauti ikamkauka. Sasa Bunge lilikuwa linafunga kikao chake cha mwisho Alhamisi ya wiki ile, na mswada ulikuwa bado kwenye mkoba wake. Usiposomwa Alhamisi ungekufa, na uchaguzi unaofuata ungefanyika kwa sheria ile ile ya mshindi kuchukua vyote.

*

Katibu Mkuu Elifuraha Mkodo alimwita makao makuu. Elifuraha hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Katika miaka ya vumbi aliuza ng'ombe wa urithi ili ofisi ya chama isifungwe, na siku wingu la kwanza lilipowanyeshea alilia mbele ya kamera bila kuficha uso. Alimmiminia Nakijwa chai kwa mkono wake mwenyewe, akamuulizia hali ya mama yake, akamuulizia magoti ya mama yake. Kisha akaiwasha Meza.

Meza ilikuwa pana kama kitanda, na juu yake viling'aa vigingi vyote vya nchi, kila shamba na nukta yake. Ilikuwa na uwezo wa kuucheza uchaguzi kabla haujafika, na ilikuwa haijawahi kukosea kwa zaidi ya kiti kimoja au viwili. Elifuraha aliiambia icheze kwa sheria iliyopo. Kijani cha Zamu kikatapakaa kama majani baada ya masika. Halafu akaiambia icheze kwa mgao. Kijani kikarudi nyuma, bluu ya Umoja ikaingia, njano ya wafugaji ikaingia, na zikachipuka rangi za vyama vidogo ambavyo havijawahi kupata hata kiti cha dawa. Kila bonde likawa na rangi zote, hata mabonde ambayo Nakijwa alidhani ni ya Zamu watupu. Jambo la kwanza aliloona moyoni ni kwamba picha ile ilikuwa nzuri. La pili, na la pili hili lilimwaibisha, ni kwamba macho yake yalikwenda kutafuta kiti cha Ikongwe yakaona hakina uhakika.

"Dada Nakijwa, sisi hatuukatai mgao," Elifuraha alisema. "Tuliuapia na tutautimiza. Ila wakati wake haujafika."

Nakijwa aliuliza wakati wenyewe ni lini. Baada ya uchaguzi, akajibiwa, chama kikishaota mizizi. Akasema hata Umoja walikuwa wakisema hivyo hivyo. Elifuraha akakubali bila ubishi, akaongeza kwamba ndiyo maana haifai kuwaachia njia: Umoja wakirudi madarakani wataufuta mgao siku ya kwanza, na Zamu watakuwa wamejivua nguo peke yao sokoni. Wenzetu wamekula nyama miaka yote kwa sababu kisu kilikuwa chao, alisema, na leo kisu kimefika mkononi mwetu, wewe unataka tukikate vipande tuwagawie.

Maneno hayo Nakijwa angeweza kuyajibu. Alikuwa ameyajibu majukwaani mara nyingi. Lakini Elifuraha aliinama juu ya Meza, akaigusa Ikongwe kwa ncha ya kidole, na Meza ikaonyesha kwamba kwa mgao mashamba ya wanazamu yangepata mvua moja pale yanapopata tatu.

"Watu wako hawa walitia kiganja kwetu wakiwa na njaa," alisema kwa upole. "Mama Nanzia, yule mjane wa nyuma ya kanisa. Amengoja mvua tangu ujana wake. Utakwenda kumwambia nini?"

Nakijwa alimjua Mama Nanzia vizuri. Siku ya wingu la kwanza bibi yule alivua viatu akacheza kwenye matope mpaka watu wakamshika asianguke. Elifuraha hakumtisha, hakumwahidi cheo. Alimsindikiza hadi mlangoni akamwambia kwamba mwenyekiti wa kamati halazimishwi kusoma wala hakatazwi, uamuzi ni wake tu. Nakijwa alishuka ngazi akitamani sana angekatazwa.

*

Kesho yake alivuka barabara kwenda kwa Mzee Senzota na sukari na sabuni mkononi, maana mtu haendi kwa mzee mikono mitupu. Alimwamkia, akapewa kigoda. Mzee alikuwa amekaa na tenga la mbegu kati ya miguu, akiligeuza kila tunguu la tangawizi kutafuta macho yake, na pembeni alikuwa na beseni la majivu.

Nakijwa alizunguka sana kabla hajafika kwenye neno lake. Alisema habari za mifugo, habari za kanisa, habari za bei. Mwishowe akalisema: kila mbunge hupewa mvua moja ya hisani kwa msimu, kwa ajili ya shule au zahanati yenye shida, na yeye yake hajaitumia. Angeweza kuielekeza kwenye shamba hili. Hakuna ambaye angeuliza.

"Hisani hupewa maskini, mwanangu," mzee alisema. "Mimi si maskini. Nimeshindwa kura tu."

Nakijwa akasema hakuwa na nia ya kumdharau, bali alikuwa anakumbuka ule mfereji. Mzee akacheka kidogo. Alisema zamu hurudishwa ikiwa zamu, mchana, watu wakiona, na haigeuzwi sadaka ya kificho. Kisha, akiendelea na mbegu zake, akamsimulia kwamba Umoja walipokuwa juu yeye mwenyewe alipanda basi kwenda makao makuu ya chama chake kuwauliza juu ya mgao. Walimpokea vizuri mno. Walimpa chai, wakamwambia wakati wake haujafika. Nakijwa alitazama chini. Chai ya Elifuraha ilikuwa kama bado iko tumboni.

"Wewe nakuamini, kwa sababu umekulia kwenye vumbi," mzee alisema. "Utausoma lini?"

Ukweli ni kwamba hakujua. Alifungua kinywa aseme hajui. Lakini mzee alikuwa amenyanyua uso anamtazama, na Nakijwa, ambaye mbele ya umati hakuwahi kukosa la kusema, aliona haya kusema neno lile dogo mbele ya mtu mmoja.

"Alhamisi," akasema.

Mzee Senzota alichukua kisu akaanza kukata. Alikata tunguu moja, kila kipande na jicho lake, akachovya vidonda kwenye majivu, akachukua jingine. Mtoto yeyote wa Ikongwe anajua maana yake. Tangawizi ikiwa nzima hukaa, hungoja. Ikishakatwa haina subira, ikikosa ardhi yenye unyevu hunyauka ikafa, na pamoja nayo mbegu ya miaka inayofuata. Mkulima mwenye akili hakati mpaka amelisikia wingu. Mzee Senzota alikuwa amelisikia kwa Nakijwa, maana mswada ukipita Mchungaji angeanza kugawa kesho yake, na hilo lilikuwa wingu tosha kwake. Kwa kweli lilikuwa kosa, lakini ni kosa la mtu ambaye maisha yake yote amegawana maji na majirani wanaotimiza neno.

Nakijwa aliona kwamba mzee haweki akiba. Tenga lote lilikuwa linapita kwenye kisu. Angeweza kumzuia kwa sentensi moja: Baba, ngoja kwanza. Badala yake, majivu yalipopungua, Nakijwa akainuka akaenda jikoni kumletea mengine.

*

Alhamisi aliamka akiwa na nia ya kuusoma. Hilo lazima lisemwe, hata kama halimsaidii. Alivaa kitenge alichonunuliwa na marehemu baba yake, akaupitia mswada ndani ya gari mpaka akaukariri upya, na alipoingia ukumbini mapigo yake ya moyo yalikuwa ya mtu anayekwenda kufanya jambo jema.

Spika alipitia shughuli za siku, akafika kwake. Akauliza kama mwenyekiti wa Kamati ya Katiba ana hoja. Nakijwa alisimama na karatasi mkononi. Elifuraha, mstari wa mbele, hakugeuka. Nakijwa alimwaza Mzee Senzota na tenga lake, halafu akamwaza Mama Nanzia akicheza kwenye matope, akaona kwamba yeyote atakayemchagua atamwacha mwingine mikono mitupu. Kisha akajirekebisha, kwa sababu alikuwa mwaminifu bado ndani ya kichwa chake: mswada haukumwacha Mama Nanzia mikono mitupu, ulimwachia mvua moja. Ni sheria iliyopo ndiyo iliyomwacha mtu mikono mitupu. Alilijua hilo, alikuwa ameliandika yeye. Na, tusidanganyane, katikati ya mawazo hayo ya watu wengine alikiwaza na kiti chake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "kamati yangu inaomba muda zaidi."

Wabunge wa Zamu wakapiga meza. Alilitarajia hilo. Asichokitarajia ni kishindo kilichotoka upande wa pili. Umoja nao walikuwa wanapiga meza, tena kwa nguvu kuliko Zamu. Kwa muda hakuelewa, alidhani wanamzomea. Halafu kiongozi wao akamwinamia kichwa na kumpa tabasamu, tabasamu la fundi kwa fundi mwenzake, na Nakijwa akaelewa. Vipande vya Umoja vilikuwa vimeshapatana. Walitarajia kushinda safari ijayo, na walitaka wayakute mawingu yote yakiwangoja, mazima. Katika Bunge lile lililogombana hata juu ya rangi ya mazulia, ndilo jambo la kwanza lililowaunganisha wote. Akakaa. Mtu aliyekuwa nyuma yake akampigapiga begani, na mkono ule ulimuuma kutwa nzima.

*

Jumamosi Elifuraha aliagiza Nakijwa awepo ofisi ya tawi, kwa kuwa ilitarajiwa watu wengi wangehama. Hakukosea. Foleni ilianzia kwenye kioo cha Zamu, ikatoka nje, ikapinda hadi kwenye mashine ya kusaga. Walikuwa watu wa Umoja, watu wa wafugaji, watu wa vyama vyenye wanachama wa kuenea kwenye sebule moja. Wote walikuwa wameungoja mgao, na tangu Alhamisi hawakuwa na kitu kingine cha kungoja. Karani wa tawi alifurahi kupita kiasi. Alimwambia Mheshimiwa kwamba kwa mwendo huu hata huo mgao hautahitajika, kwani kila mtu atakuwa Zamu. Nakijwa alisimama kando ya kioo akiwapa watu mkono na kuwavika kofia za kijani. Wengi walimpa mkono bila kumtazama machoni.

Mzee Senzota alikuwa katikati ya foleni, amevaa koti lake la kanisani. Vijana walimpisha apite mbele, akakataa, akasogea hatua kwa hatua kama wenzake. Alipofika kwenye kioo aliuliza aweke mkono upi. Karani akamwambia wa kulia. Mzee aliutazama mkono wake kwanza. Majivu yalikuwa yameingia kwenye nyufa za vidole na hayakutoka kwa sabuni. Akauweka. Kioo kikawaka, na sauti nyororo ya mashine ikamshukuru kwa kukiamini Chama cha Zamu, ikamjulisha kwamba kigingi chake kimewashwa na wingu lake litafika kesho asubuhi.

Nakijwa alikuwa ameandaa maneno tangu Alhamisi, na hayakuwa machache. Yalipotakiwa yalikuja mawili matatu tu.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "nilitaka kuusoma."

"Najua," mzee akasema. "Mbegu imeshakatwa."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Kama ingekuwepo, Nakijwa angeishika, angejitetea, wangegombana kama ndugu na siku moja wangepatana. Alimnyooshea kofia, na kabla hajamvika mzee akaichukua mwenyewe akaivaa juu ya mvi zake. Ilikuwa kubwa kidogo, akaisawazisha. Ni mtu aliyewahi kumbeba Nakijwa mgongoni hadi zahanati alipougua surua, akiwa hata shule hajaanza. Mzee akapiga hatua moja mbele, akaunganisha viganja vyake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema.

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma ya mzee aligeuka akatazama ukutani. Nakijwa aliutafuta uso wa mzee, akitumaini kuona kejeli, na kejeli haikuwepo. Alikuwa anangoja tu, ameinama, kama angojavyo mtu ambaye ameelewa mvua inatoka wapi. Nakijwa alitafuta neno jingine, neno lolote, la kuurudisha umri wao mahali pake. Karani alikuwa ameshaita anayefuata, na watu walikuwa wanasubiri.

"Marahaba," akaitika.